Kuzipima Nchi Mbili kwa Siku Mbaya

Mabibi na mabwana, ninawashukuru kwa kufika na kwa kunipa nafasi hii.

Swali nililopewa ni fupi: kati ya nchi mbili, ipi ni bora kuishi? Nimeulizwa swali hili mara nyingi, na mara nyingi muulizaji huja na jibu tayari moyoni, akitafuta tu wa kumuunga mkono. Ninalotaka kulitetea mbele yenu leo ni kwamba nchi hazilinganishwi kwa siku nzuri. Mtu mwenye afya, kazi na fedha anaweza kuishi vizuri karibu kila mahali. Tofauti ya nchi na nchi hudhihirika siku anapougua, anapoachishwa kazi, anapodhulumiwa au anapoishiwa nguvu kwa uzee, na hutegemea zaidi ya tunavyodhani hati aliyonayo mkononi siku hiyo.

Nilijifunza hivyo kwa kuchelewa. Miaka kadhaa iliyopita niliketi na mdogo wangu, ambaye ni muuguzi, mbele ya daftari lake. Alikuwa amepiga mstari wa wima kwa rula katikati ya ukurasa, akaandika jina la nchi moja upande huu na la nyingine upande ule. Chini yake zilishuka hesabu: mshahara, kodi ya mapato, pango la nyumba, nauli, akiba ya mwezi. Safu ya kushoto ilishinda kwa mbali, naye akaizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Niliipitia hesabu ile mstari kwa mstari na sikuona kosa. Mwaka wake wa pili huko aliumia mgongo alipokuwa akimnyanyua mgonjwa, na mkataba wake haukuongezwa. Kibali chake cha ukaazi kilitegemea mkataba ule, na bima yake ya afya ilitegemea kibali. Mambo matatu ambayo katika daftari yalikuwa mstari mmoja tu, yaani “kazi”, yaliondoka kwa pamoja wakati ambapo aliyahitaji kuliko wakati mwingine wowote. Nchi zenyewe sitazitaja. Kasoro ninayotaka tuitazame ilikuwa ndani ya daftari, nami nilikuwa mkaguzi wake.

Tuanze basi na kile ambacho daftari la namna ile hujaa, yaani takwimu za fedha. Kipimo kinachotangulia kutajwa watu wanapolinganisha nchi ni pato la taifa kwa kila mtu. Simon Kuznets, mchumi aliyeongoza kazi ya kukadiria pato la taifa la Marekani, alionya katika ripoti iliyowasilishwa kwa Bunge la nchi hiyo mwaka 1934 kwamba ustawi wa watu hauwezi kusomwa moja kwa moja katika pato la taifa lao. Onyo hilo limetoka kwa mtu aliyekijua kipimo hicho kwa undani kuliko wengi wanaokitumia leo, na ninaona tumelipuuza. Hata mshahara wa mtu mmoja haulinganishwi kwa kuugeuza tu kwa bei ya benki, kwa sababu bei ya kubadilishia fedha hutokana zaidi na bidhaa na mitaji inayovuka mipaka, ilhali mkazi wa kawaida hutumia sehemu kubwa ya kipato chake kwa vitu visivyosafiri, kama chumba cha kulala, malezi ya mtoto, kinyozi na basi la asubuhi. Ndiyo maana mwaka 1968 ulianza mpango wa kimataifa wa kulinganisha bei, ulioendeshwa na Umoja wa Mataifa pamoja na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ili kujua fedha inanunua nini hasa pale inapotumika. Anayelinganisha mishahara miwili bila kuuliza swali hilo huwa analinganisha majina ya sarafu tu.

Mwaka 1990 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, kwa juhudi za mchumi Mahbub ul Haq wa Pakistani na kwa msaada wa mchumi mwenzake Amartya Sen wa India, lilitoa Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu, ambayo iliweka umri wa kuishi na elimu kando ya kipato. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwa kuwa ilionyesha wazi kwamba utajiri wa nchi na maisha ya watu wake havifuatani daima. Costa Rica, nchi iliyovunja jeshi lake mwaka 1948, ina pato dogo mara kadhaa kuliko la Marekani, lakini kwa miongo mingi watu wake wamekuwa wakiishi umri unaolingana na wa Wamarekani au unaouzidi. Hata hivyo, fahirisi hiyo nayo ni wastani, na hakuna mtu anayeishi katika wastani. Ilipofika mwaka 2010 watayarishaji wenyewe waliongeza toleo linalopunguza alama za nchi kulingana na ukosefu wa usawa ndani yake, na nchi kadhaa zilizokuwa juu zikashuka. Anayekwenda kuanzia chini, ambaye ndiye mgeni wa kawaida, aanze na toleo hilo la pili, kwa sababu wastani wa nchi huinuliwa na watu ambao hatakutana nao.

Kisha kuna furaha. Hapa naomba uvumilivu wenu kidogo, kwa sababu ndipo tunapojidanganya kwa urahisi zaidi. Mwaka 1998 watafiti David Schkade na Daniel Kahneman walichapisha utafiti uliowahusisha wanafunzi wa vyuo vikuu wa California na wale wa majimbo ya kati-magharibi ya Marekani, ambako majira ya baridi ni makali. Walipoulizwa wanaridhika kiasi gani na maisha yao wenyewe, makundi hayo mawili yalitoa majibu yanayofanana. Walipoulizwa kuhusu mtu wa aina yao anayeishi upande wa pili, wote walidhani wa California angekuwa ameridhika zaidi, na sababu kubwa ilikuwa hali ya hewa. Kinachotokea ni kwamba mtu akiambiwa alinganishe mahali pawili, macho yake huganda kwenye kile kinachotofautisha mahali hapo, kama jua, bahari au usafi wa barabara, akasahau kwamba siku zake nyingi zitajaa vitu vilevile: kazi, usingizi, foleni, watu anaowapenda na wanaomuudhi. Kila nikikumbuka utafiti huu huwaza safari za wiki mbili ambazo watu hufanya ili “kuiona nchi” kabla ya kuhamia. Wiki mbili zinatosha kuona kile tu kinachotofautiana.

Lakini nisiwapeleke mbali mno upande huo, kwa kuwa mahali pana uzito wake. Ripoti ya Furaha Duniani hutumia swali rahisi: fikiria ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10, cha juu kikiwa ni maisha bora kabisa unayoweza kuyapata, wewe umesimama wapi? Finlandi imeshika nafasi ya kwanza katika ripoti hiyo tangu mwaka 2018. Ripoti ya mwaka huohuo iliwatazama pia wahamiaji peke yao, ikakuta kwamba nchi zikipangwa kwa furaha ya wahamiaji wake, mpangilio unakaribia kuwa uleule wa furaha ya wenyeji. Kwa maneno mengine, hali ya nchi humwingia hata mgeni. Ninayapokea matokeo hayo kwa furaha, ila naomba tukumbuke jambo moja ambalo huwa halisemwi: waliohojiwa ni wale waliokuwa bado wapo. Aliyeumia mgongo akaondoka hayumo katika hesabu hiyo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye hati, na hapa nitakaa zaidi. Chukueni ofisi moja nchini Marekani, asubuhi moja, na watu watatu wanaoitwa chumbani na kuambiwa kwamba kazi imekwisha. Wana shahada ileile, mshahara uleule, na kila mmoja ana sanduku la karatasi gumu analofungia vitu vyake vya mezani. Wa kwanza ni raia: ataomba fidia ya ukosefu wa kazi na kuanza kutafuta nyingine. Wa pili ni mkazi wa kudumu: naye ataomba fidia hiyo, lakini kama bado hajatimiza miaka 5 katika hadhi yake, sheria ya mwaka 1996 inaweza kumzuia kupata baadhi ya misaada ya serikali ya shirikisho, ikiwemo bima ya afya ya watu wa kipato cha chini. Wa tatu yuko kwa viza ya kazi ya H-1B: ana siku zisizozidi 60 za kupata mwajiri mwingine, kubadili hadhi yake au kuondoka, na siku hizo zinahesabiwa hata kama mtoto wake yuko katikati ya muhula. Sasa niambieni, Marekani ni nzuri au mbaya kupoteza kazi? Swali halina jibu mpaka tumtaje mmoja wa hao watatu.

Wala jambo hili si la Marekani pekee. Finlandi, hiyohiyo inayoongoza kwa furaha, haiwatozi raia wake ada ya chuo kikuu, lakini tangu mwaka 2017 wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya na Eneo la Kiuchumi la Ulaya hulipa ada kwa programu za shahada zinazofundishwa kwa Kiingereza. Mhadhara ni mmoja na viti vinapakana. Katika Falme za Kiarabu hakuna kodi ya mapato kwenye mshahara, jambo ambalo huipendezesha sana safu ya kushoto ya daftari, na wageni ni sehemu kubwa mno ya wakazi, karibu tisa kwa kila kumi. Hata hivyo, ukaazi wa walio wengi hufuata ajira, na mfumo wa pensheni wa taifa ni wa raia. Mgeni wa kawaida hupewa kiinua mgongo anapomaliza utumishi. Siilaumu nchi hiyo. Kwa mtu anayekusudia kukaa miaka 5, akusanye mtaji na kuondoka, huenda ikawa chaguo zuri kuliko nchi nyingi zinazoipita katika orodha za maendeleo. Kwa anayekusudia kuzeekea huko, hesabu ni nyingine kabisa.

Kwa hiyo muda nao ni sehemu ya jibu. Kanada humtaka mkazi wa kudumu awe amekuwepo nchini kwa siku 1,095 ndani ya miaka 5 kabla ya kuomba uraia. Ujerumani mwaka 2024 ilipunguza muda wa kawaida kutoka miaka 8 hadi 5 na kuruhusu mtu abaki na uraia wake wa awali. Uswisi inataka miaka 10. Singapuri hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo anayechukua uraia wake huacha ule aliozaliwa nao. Nchi inayoonekana dhaifu kidogo leo lakini inamfungulia mtu mlango wa uraia baada ya miaka michache yaweza kuwa bora kuliko ile inayong'aa na kumwacha mlangoni miaka 20. Tarakimu hizi hazimo katika orodha za nchi bora za kuishi, nami sijui hoja ya kuziacha nje.

Wako watakaonijibu kwamba hii ni busara ya waoga, na kwamba kijana wa miaka 24 hatafuti mahali pa kuugua, anatafuta mahali pa kupanda. Hoja hiyo ina nguvu, na siwezi kuitupa. Ziko kazi na fani ambazo kilele chake kipo katika nchi moja au mbili tu, na mwenye kipaji cha fani hiyo akiikosa nafasi kwa kuogopa kibali atakuwa amepoteza kitu ambacho bima haiwezi kumrudishia. Ninachomwomba kijana huyo ni aijue bei ya anachonunua: aweke akiba ya miezi kadhaa isiyoguswa, ajue idadi ya siku atakazopewa mambo yakiharibika, na ajue kama sheria ya huko inamruhusu kumshtaki mwajiri bila kupoteza haki ya kubaki. Hilo la mwisho huulizwa mara chache, nalo ndilo linaloamua kama mtu atadai mshahara wake au atanyamaza.

Tena, mtu hahami peke yake mara zote. Kuna vibali ambavyo mwenza haruhusiwi kufanya kazi, na kuna taaluma, kama udaktari na ualimu, ambazo cheti cha nchi moja hakitambuliwi katika nyingine bila mitihani mipya. Nimeona ndoa ambamo nchi moja ilikuwa bora kwa mume na ile nyingine kwa mke, na hakuna fahirisi iliyoweza kuwapatanisha.

Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2024 watu wanaoishi nje ya nchi walikozaliwa walikuwa takriban milioni 304, yaani chini ya watu 4 kwa kila 100 duniani, na wengi miongoni mwao hawakuwahi kuwa na nchi mbili za kuchagua. Aliye na nchi mbili mezani ana fursa adimu, ndiyo maana inanisikitisha inapoamuliwa kwa picha za mitandaoni na duara la kalamu nyekundu.

Mdogo wangu amepona, na sasa anapima tena nchi mbili. Aliniletea daftari jipya wiki chache zilizopita. Mshahara upo, lakini umeshuka hadi mstari wa saba. Juu yake kuna maswali sita, na la kwanza ni hili: kibali ni cha mwajiri au ni changu? Upande mmoja ameshalijibu. Ule mwingine bado ni mtupu, kwa kuwa anasubiri barua kutoka ubalozini.

Naona mikono imeanza kuinuka. Waliokuja na nchi mbili kichwani wazitaje, tuzichukue moja baada ya nyingine. Ninaomba tu kila atakayezitaja aanze kwa kutuambia ana pasi ya wapi, ana umri gani, na anakwenda na nani.