Kupanga Nyumba Kijijini Uholanzi: Gharama Zisizoandikwa Kwenye Mkataba

Wazee wangu, shikamooni. Kaka na dada zangu, hamjambo. Nashukuru kwa mwaliko, na nawashukuru zaidi mliobadilisha mabasi mawili na treni kufika hapa Jumamosi asubuhi, maana ninyi mada ya leo mmeshaanza kuielewa mkiwa njiani.

Naona ukumbini kuna makundi mawili. Kuna wanafunzi, wengi wa Wageningen na Enschede, waliochoka kutafuta chumba mjini na wanaosikia kwamba vijijini nyumba zipo na bei ni poa. Halafu kuna familia zilizotoka Kongo na Burundi, ambazo hazikuchagua kijiji. Kijiji ndicho walichopangiwa. Wote nitawaambia jambo moja: katika nyumba ya kijijini, pango ndiyo gharama nyepesi kuijua. Limeandikwa, lina sheria yake, na lina mahali pa kulalamikia. Zinazowatoa watu jasho ni zile ambazo hazimo kwenye mkataba.

Nianze na familia. Ukishapata kibali cha kuishi kama mkimbizi, COA, ile taasisi inayoendesha kambi za mapokezi, inakuunganisha na manispaa moja. Kila manispaa hupewa na serikali idadi ya watu ambao lazima iwapatie makazi, kulingana na wingi wa wakazi wake. Ndiyo maana mama aliyezaliwa Uvira anajikuta kwenye kijiji cha Drenthe, mkoa wa kaskazini, chenye kanisa, shule ndogo na mashamba ya viazi hadi macho yanapoishia. Nyumba inayotolewa ni moja. Ukiikataa bila sababu yenye uzito, unaweza kupoteza hata nafasi yako kambini. Kama una mkataba wa kazi, masomo, matibabu maalumu au mzazi au mtoto wako anayeishi mji fulani, sema mapema, kabla hujaunganishwa na manispaa, na uwe na karatasi mkononi. Baada ya hapo, kusema kwamba hupendi baridi ya kaskazini hakusaidii kitu.

Wanafunzi na wafanyakazi, kwenu habari ni tofauti. Vijijini Uholanzi watu wengi wanaishi katika nyumba zao wenyewe. Nyumba chache za kupanga kwa bei ya wastani ziko mikononi mwa mashirika ya nyumba, yale wanayoyaita woningcorporatie, na huko ni foleni. Foleni yenyewe mara nyingi inahesabiwa tangu siku uliyojiandikisha, kwa hiyo jiandikishe sasa, hata kama huna mpango wa kuhama. Pia kuna kikomo cha mapato: kwa mwaka 2025, kwa anayeishi peke yake kikomo hicho kilikuwa chini kidogo ya euro 50,000 kwa mwaka. Tena tangu Januari 2024 manispaa zinaruhusiwa kutenga hadi nusu ya nyumba adimu kwa watu wenye mizizi katika eneo hilo, mfano aliyeishi hapo miaka sita kati ya kumi iliyopita. Kijana wa kijijini anayetaka kuondoka kwa mama yake anakutangulia. Mimi sioni ubaya wowote hapo. Hata kwetu mwenyeji angetangulia.

Basi mtu anageukia nyumba za watu binafsi. Anapata upande mmoja wa nyumba ya mkulima, au kijumba cha uani, au nyumba ya mbao kwenye bustani ya watalii kule Veluwe, eneo la misitu. Hapo kwenye bustani ya watalii, simama kwanza. Nyumba nyingi za mapumziko haziruhusiwi kuishi mtu moja kwa moja. Manispaa haiwezi kukataa kukuandikisha kama kweli unaishi hapo, lakini inaweza kukutoza faini na kukuamuru uhame kwa kuvunja mpango wa matumizi ya ardhi. Mwenye nyumba akikwambia, "Usijiandikishe kwenye anwani hii," elewa anachokificha. Bila kuandikishwa hupati ile namba ya raia, BSN, na bila namba hiyo mshahara, bima ya afya na ruzuku ya pango vyote vinakwama. Sheria inakutaka uwe umetoa taarifa manispaa ndani ya siku tano baada ya kuhamia.

Na mkulima je? Mkulima ni mtu mwema, atakukaribisha kahawa na kukwambia mkataba wa nini, tunaaminiana. Mwaminini, lakini mkataba muuombe. Tangu Julai 2023 kuna sheria ya upangishaji mwema inayomlazimu mwenye nyumba kuandika makubaliano na kukueleza haki zako kwa maandishi. Dhamana haizidi pango la miezi miwili. Dalali aliyetumwa na mwenye nyumba haruhusiwi kukudai wewe ada ya udalali. Na tangu tarehe 1 Julai 2024, mkataba wa kawaida ni wa muda usio na kikomo. Ule wa mwaka mmoja mmoja umebaki kwa makundi machache, wanafunzi wakiwamo. Sisi tuliozoea Dar es Salaam kulipa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, huku unalipa mwezi kwa mwezi. Mtu akikudai mwaka mzima kabla hujaiona nyumba, huyo hana nyumba.

Pango lenyewe linapimwa kwa pointi. Kila mita ya mraba ya chumba ni pointi moja. Kisha wanaangalia jiko, bafu, bustani, herufi ya matumizi ya nishati (A ni nzuri, G ni mbaya), na thamani ya nyumba iliyokadiriwa na manispaa. Nyumba yenye pointi 143 au pungufu, kwa mwaka 2025 pango lake tupu, yaani bila umeme, gesi wala huduma, halikutakiwa kuzidi euro 900.07, kuanzia 144 hadi 186 kikomo kilikuwa euro 1,184.82; kuanzia 187 bei ni makubaliano. Sasa, nyumba ya kijijini ina thamani ndogo kuliko ya Amsterdam, na kama ni ya zamani inayovujisha joto, inapunguziwa pointi. Maana yake nyumba nyingi za vijijini zinapangishwa kwa bei ambayo pointi zake hazifikii, na wapangaji hawajui. Hesabu mwenyewe. Ikizidi, nenda Huurcommissie, chombo cha kuamua migogoro ya pango. Ada ni euro 25, na ukishinda unarudishiwa. Watu wetu wanaogopa kwamba mwenye nyumba atawafukuza. Hawezi kukufukuza kwa kulalamika. Ili akutoe anahitaji sababu iliyotajwa na sheria, na usipokubali, lazima aende kwa hakimu.

Haya, tumepata nyumba, bei ni halali, ufunguo tunao. Fungueni mlango tuingie.

Hakuna sakafu. Namaanisha hakuna: unakanyaga zege lenye mabaka ya gundi ya zulia lililong'olewa. Kwenye dari zinaning'inia nyaya mbili zenye kofia ndogo ya plastiki, maana mpangaji aliyetoka ameondoka na taa zake. Madirisha hayana mapazia, na juu yake kuna matundu ya skrubu yaliyozibwa kwa dawa ya meno. Jikoni kuna kabati na sinki, halafu nafasi tupu yenye bomba la gesi lililofungwa, hapo ndipo ulete jiko lako. Ngazi ni mbao tupu zenye pini zinazochungulia. Hii ndiyo nyumba tupu ya Uholanzi, na kisheria haina kasoro hata moja. Dada mmoja niliyemsindikiza kupokea ufunguo alimuuliza mtu wa shirika la nyumba, kwa adabu kabisa, ujenzi utakwisha lini.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kusaini ni hili: mpangaji anayetoka anaacha nini? Mara nyingi yuko tayari kukuuzia sakafu, mapazia na taa kwa bei ndogo kuliko gharama ya kung'oa. Mnakubaliana, mnaandika, mnapiga picha. Usinunue kwa kuona aibu, maana kuna wanaouza laminati iliyovimba kwa bei ya dukani, na ukishainunua ni mali yako na mzigo wako. Familia zenye kibali hupewa na manispaa fedha za kuanzia maisha. Sehemu nyingi ni mkopo, unakatwa kidogo kidogo kila mwezi. Msizimalize kwenye runinga. Sakafu kwanza, kitanda, jiko, pazia. Vitu vingine viko kringloop, yale maduka ya mitumba, ambayo vijijini yana meza za mwaloni kwa bei ya kuchekesha kwa sababu vijana wao hawazitaki.

Na hilo pazia litundikeni upesi. Shuka dirishani inasemwa kijiji kizima.

Baada ya sakafu, joto. Nyumba yenye herufi F au G ni sawa na kuteka maji kwa ungo: unawasha, linatoka madirishani. Pango likipungua euro mia na gesi ikiongezeka mia mbili, hujaokoa kitu. Ombeni cheti cha nishati, mwenye nyumba anatakiwa awe nacho. Kisha zinakuja bahasha. Manispaa inadai ada ya taka. Halafu barua kutoka waterschap, mamlaka ya maji, ambayo wengi huitupa wakidhani ni tangazo. Msiitupe. Mamlaka hizo zina mizizi tangu zama za kati, zinachaguliwa kwa kura kama bunge dogo, na ndizo zinazofanya kijiji kisizame. Mpangaji naye anachangia kusafisha majitaka na kutunza mitaro. Mwenye mapato madogo anaweza kuomba msamaha, lakini lazima aombe.

Usafiri. Kijiji kingi hakina duka tena, na basi kubwa limeondoka. Kilichobaki ni buurtbus, kibasi cha abiria wanane kinachoendeshwa na wastaafu wanaojitolea. Wanakujua kwa jina, wanakusubiri ukichelewa dakika moja, lakini jioni hawapo na Jumapili mara nyingi hawapo. Mwenye zamu ya usiku kiwandani anahitaji gari, na hapo kuna jambo: leseni ya Kenya au Tanzania inakubalika kwa siku 185 tu tangu uandikishwe kuwa mkazi. Baada ya hapo, kwa wengi wetu, ni mtihani upya, na mtihani una gharama. Kabla ya kukubali nyumba, tafuta njia ya kufika kazini siku ya Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Januari. Jibu likipatikana, saini.

Sasa ukimya, ambao ndio watu wanaufuata. Upo. Lakini una ratiba. Kuanzia katikati ya Februari wakulima wanaruhusiwa kumwaga samadi ya maji kwenye majani, na harufu yake haigongi hodi. Msimu wa kuvuna mahindi ya mifugo, matrekta yanapita na taa usiku wa manane. Mwisho wa mwaka, Drenthe, Twente na Achterhoek, vijana wanalipua kabidi, kemikali inayotoa gesi ikiloweshwa, ndani ya madumu ya chuma ya maziwa. Nawaambia hasa mliokimbia vita: tarehe 31 Desemba mtasikia milio kama mizinga toka asubuhi. Waambieni watoto mapema. Kuna baba namfahamu aliingiza familia nzima bafuni, na jirani alipokuja na sahani ya maandazi ya sikukuu alikuta nyumba kimya.

Jirani huyo ndiye nataka niseme habari zake kidogo. Upande wa mashariki kuna desturi ya noaber, ujirani wenye wajibu. Zamani jirani wa karibu ndiye aliyepeleka taarifa za msiba na kusaidia kubeba jeneza. Hadi leo, wakifunga ndoa watu wa jirani, mnakutana kusuka upinde wa matawi na maua ya karatasi mlangoni. Hawatakuja kukukaribisha. Wanangoja wewe uende ujitambulishe, wiki za mwanzo, kwa miadi, kwa kikombe kimoja cha kahawa. Sisi tunangoja mwenyeji atukaribishe mgeni, wao wanangoja mgeni ajitokeze, mwaka unapita na kila upande unasema mwenzake ana maringo. Pia kateni majani. Nyasi na ua wa mbele ni kazi ya mpangaji kwa mujibu wa sheria, na bustani iliyoota magugu inawaudhi kuliko muziki. Na kwenye vijiji vya dini kali, Staphorst kwa mfano, Jumapili msianike nguo nje. Hakuna polisi atakayekuja, lakini mtasalimiwa kwa baridi.

La mwisho ni kuondoka, maana wengi wenu mtaondoka. Mpangaji anatoa notisi ya mwezi mmoja, kwa maandishi. Shirika linakuja kukagua mara mbili, na mara ya kwanza linakuandikia nini kirekebishwe. Kama ulinunua sakafu, tafuta mapema wa kuichukua, la sivyo utaing'oa wewe. Piga picha za mita za umeme, gesi na maji siku ya kukabidhi ufunguo. Dhamana inatakiwa irudi ndani ya siku 14, au 30 kama kuna makato, na makato yawe na maelezo ya maandishi.

Nimeona yule dada wa nyuma amenyoosha mkono tangu niliposema habari za leseni. Karibu, dada, mpeni kipaza sauti.