Nitue, Mwanangu: Mzigo Ulio Ndani ya Neno "Alleviate"

MWANAIDI: Kaka Kassim, leo nimekuja na neno nililolikuta kwenye karatasi ya dawa: alleviate. Nikalitafsiri haraka haraka, "kupunguza maumivu", nikameza vidonge vyangu nikalala. Saa nane za usiku neno likaniamsha.

KASSIM: Neno, au jino?

MWANAIDI: Vyote viwili. Basi nikaamka kulichimba. Ndani yake mmekaa neno la Kilatini, levis, yaani -epesi, kisicho kizito. Kutoka hapo kukatokea alleviare, kukifanya kitu kiwe chepesi. Waingereza wakalichukua kwenye karne ya 15.

KASSIM: Kumbe shida ni mzigo.

MWANAIDI: Ni mzigo kabisa. Na kinyume chake ni aggravate, kutoka gravis, -zito. Jambo likizidi kuharibika, kwa Kilatini umelizidishia uzito.

KASSIM: Hawa jamaa wanapima matatizo kwa mizani!

MWANAIDI: Ukoo wenyewe mkubwa, maana kilicho chepesi huinuka. Lever ni wa humo, yaani wenzo, ule unaobinulia jiwe. Levant, zile nchi za mashariki ya Mediterania, ni kule jua linakoinukia. Relief, yaani nafuu, naye yumo. Mwajiriwa wa Kenya atazame hati yake ya mshahara, ataona shilingi 2,400 anazopunguziwa kwenye kodi kila mwezi. Jina lake personal relief.

KASSIM: 2,400! Gunia umelipunguza kwa kijiko hapo.

MWANAIDI: Hayo kawaambie wenyewe. Ila aliyenifurahisha mimi ni lung, pafu. Huyu hakupitia Kilatini, lakini ukirudi nyuma sana asili yao ni moja: wepesi. Nenda buchani ununue mapafu ya ng'ombe, uyatie kwenye ndoo ya maji. Yanaelea.

KASSIM: Sasa nikuulize, dada. Sisi mbona tunasema kupunguza makali? Makali ya maisha, makali ya bei. Kwetu shida si gunia, ni panga.

MWANAIDI: Na wepesi wenyewe hatuuamini sana. Hafifu tumelitoa kwenye Kiarabu, khafif, ambako ni -epesi tu. Huku ukiambiwa kitambaa hafifu, hununui.

KASSIM: Lakini ngoja. Hiyo dawa yako, duka la dawa wanaiitaje?

MWANAIDI: Ya kutuliza maumivu.

KASSIM: Kutuliza. Irudishe nyuma.

MWANAIDI: Tuliza, tulia...

KASSIM: Tua! Kama nunua na nunulia, ndivyo ilivyo tua na tulia. Na kutua ni nini? Bibi yangu alikuwa akirudi bombani na ndoo ya lita 20, kata ya kanga kichwani, shingo imekakamaa, maji yanamchuruzika usoni. Akifika mlangoni haingii. Anasimama pale pale, anaita, "Nitue, mwanangu." Lazima uache unachofanya, maana peke yake akiinama maji yote yanamwagika. Unashika huku, anashika huku, ndoo inashuka. Halafu anatoa ile pumzi ndefu.

MWANAIDI: Ile pumzi ndiyo utulivu.

KASSIM: Ndiyo hiyo! Kwa hiyo Kilatini kinaupunguza uzito wa mzigo, wewe unaendelea kuubeba. Kiswahili kinauweka chini. Na hata wanasiasa wa Tanzania wanalijua hilo: miradi ya maji wameipa kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani. Hawakusema kumpunguzia.

MWANAIDI: Wangesema kumpunguzia, mama angeuliza, "Imebaki lita ngapi?"

KASSIM: Tena kutua kunataka mtu wa pili. Kama kutwika. Asubuhi bibi anasema "nitwike", jioni "nitue". Alleviate unaweza kuifanya peke yako na kidonge.

MWANAIDI: Hapo umenizidi, sina jibu. Karatasi ile nitaitafsiri upya.

KASSIM: Na jino?

MWANAIDI: Jino bado limenitwika, kaka yangu. Kesho saa tatu nakwenda kuling'oa, na wewe ndiye utakayenisindikiza.