Mto Elwha: Msitu Unaolishwa na Samaki

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Jioni hii tuzungumzie Mto Elwha, jimbo la Washington, Marekani. Unateremka kutoka milima ya Olympic hadi kwenye mlango-bahari wa Juan de Fuca. Ni mto mfupi, lakini unaonyesha wazi kwamba msitu wa kando ya mto hauhifadhiki kwa kulinda miti peke yake.

Mwaka 1913 lilikamilika bwawa la umeme kama kilomita 8 kutoka baharini, bila njia ya kupitishia samaki. La pili, Glines Canyon, likafuata 1927. Sasa, samoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi mtoni kutaga mayai, na wengi wao wakishataga hufa. Dubu humburuta samaki hadi chini ya miti, hula anachokipenda, huacha mabaki. Wadudu na mvua humalizia. Naitrojeni iliyotoka baharini huingia udongoni, na wanasayansi wameikuta ndani ya miti inayoota kando ya mito ya samoni. Kumfungia samaki njia ni kuunyima msitu mbolea yake.

Msitu nao huutunza mto. Mti mkubwa ukiangukia majini, wengi huuona takataka ya kuondolewa. Utazameni vizuri. Maji hupungua kasi, changarawe hutuama, chini ya gogo huchimbika kidimbwi chenye kina, na maji mengine hukengeuka pembeni yakafanya vijito na ardhioevu, wanamojificha samaki wachanga mafuriko yanapokuja. Mabwawa yale yalizuia changarawe na magogo pia, na hasara hii mara nyingi haitajwi.

Watu wa kabila la Lower Elwha Klallam walidai mto wao kwa miaka mingi. Sheria ya kuurejesha mto ikapitishwa 1992; kubomoa mabwawa yote mawili kulianza 2011, kukaisha 2014. Nyuma ya kuta kulikuwa na mashapo, yaani mchanga, tope na changarawe vilivyotuama, yapatayo mita za ujazo milioni 20. Mengi yaliteremka, na ufuko uliokuwa ukiliwa na bahari ukajaa mchanga tena. Palipokuwa na maji ya mabwawa pakapandwa miti ya asili, na kwingine mbegu za upepo zikatangulia.

Mwaka 2023 wana kabila waliruhusiwa kuvua tena mtoni, kwa mila na chakula, samoni aina ya coho tu. Chinook, wale wakubwa, waliachwa waendelee kuongezeka.