Kuwajibika sio kukiri kosa

Wengine hapa mshanisikia na hii stori, leo mtaisikia tena maana bado hatujaielewa. Mwaka 1976 kule Mwanza na Shinyanga watu walikuwa wanauawa kwa mambo ya ushirikina, vikongwe wakichinjwa eti wachawi, serikali ikaamua kuwasaka wahusika. Msako ukaanza, watu wakabebwa, wakateswa wakiwa mikononi mwa dola, na wengine wakafia humohumo mahabusu. Waziri wa Mambo ya Ndani nani? Mzee Ali Hassan Mwinyi. Hakumgusa mtu hata kwa kidole. Januari 1977 akamwandikia Mwalimu Nyerere barua, akaachia wizara. Na hakuondoka peke yake jamani, Siyovelwa aliyekuwa na dhamana ya usalama akatoka, mkuu wa mkoa wa Mwanza Kisumo akatoka, Mabawa wa Shinyanga akatoka.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema moyoni, sasa kujiuzulu kunamfufua nani? Hakumfufui mtu! Lakini yule mama wa Shinyanga aliyeletewa maiti ya mwanawe, serikali inamwambiaje kwamba mwanao alikuwa mtu? Kwa kuunda tume? Tume tumeziona, ripoti inafungiwa kabatini na waziri yupo kwenye kiti chake anakata utepe. Mwingine atasema si Mwinyi alizawadiwa, akapewa ubalozi Misri, 1984 akaongoza Zanzibar, 1985 akawa rais wa nchi nzima. Ndio, lakini siku anaandika ile barua hayo aliyajua? Alijua tu kwamba kesho hana kazi. Na mi naomba mlishike hili maana ndo linanikera kila siku, leo askari akiua raia tunaambiwa "ni mtu mmoja, atachukuliwa hatua", basi, bosi wake na bosi wa bosi wake wanalala usingizi. Mbona kituo kikifunguliwa jina kwenye jiwe la msingi ni la mkubwa sio la huyo askari? Sifa za mkubwa, maiti sio zake?

Nilitaka nigusie na miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha, lile tamko la ujamaa la 1967, kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba, ikalegezwa na kikao cha CCM kule Zanzibar 1991, tukabaki na fomu za mali na madeni za viongozi kujaza kila Desemba. Muda umeniishia, niulizeni kwenye maswali. Ila swali la kwanza nauliza mi: tangu mpate akili zenu mmeshuhudia mawaziri wangapi wakiachia ngazi kwa sababu ya maiti, sio kwa sababu ya hela?