Bastola ya Upepo ya Bei Nafuu: Jibu kwa Mpwa Wangu wa Chikongola

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, na wa Masasi, Newala, Nachingwea, popote mnaponitazama. Na wengine nyote, habari za saa hizi. Leo mnaniona nimeshuka chini, kwenye stoo ya jengo tunaloishi hapa Ujerumani. Taa ni hafifu kidogo, mtanisamehe. Nimeshuka huku kwa sababu ya mpwa wangu.

Mpwa wangu anakaa Chikongola, hapo Mtwara. Mwaka 2024 aliangalia Olimpiki ya Paris kwenye simu, akamwona yule Mturuki, Yusuf Dikeç, miaka 51, fulana ya kawaida, miwani ya kawaida ya macho, mkono mmoja mfukoni, anapiga shabaha za mita 10 kwa bastola ya upepo mpaka anarudi kwao na medali ya fedha, yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Tangu siku ile kijana hana amani. Kila wiki ujumbe: "Mjomba, hiyo bastola shilingi ngapi huko? Ya bei ya chini ni ipi? Utaniletea ukija?" Na nimeona si yeye peke yake, wengi mmeniuliza. Kwa hiyo leo naeleza yote ninayoyajua, na swali la kuletewa nalo nitalijibu, ila mnipe nafasi nifike.

Kwanza mwelewe chombo chenyewe. Bastola ya upepo haina baruti. Kinachosukuma risasi ni hewa iliyobanwa, au springi, au gesi. Hapa sheria inasema hivi: ikiwa nguvu yake haizidi jouli 7.5, na imegongwa alama ya herufi F ndani ya pembe tano, mtu aliyetimiza miaka 18 anaruhusiwa kuinunua bila leseni. Angalieni hapa, nasogeza kamera. Hiyo F mmeiona? Isiyo na hiyo, siigusi. Na kuipiga nyumbani kunaruhusiwa pale tu ambapo risasi haiwezi kutoka nje ya eneo lako, na mwenye eneo amekubali. Mimi ni mpangaji, mwenye nyumba amenipa ruhusa kwa maandishi. Ukiihamisha, inakaa haina risasi, ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli. Nyumbani nako inafungiwa. Mimi nina mtoto wa miaka sita, hapo sina mjadala na mtu.

Sasa tuje kwenye kununua.

Bastola yangu ya kwanza ilikuwa ya gesi. Chapa sitaitaja, maana kosa lilikuwa langu la kuchagua. Niliipenda kwa sura, inafanana na bastola ya polisi kabisa, nzito, nyeusi, chuma. Ndani ya mpini unaweka kimtungi cha gesi ya kaboni cha gramu 12, na inapiga gololi za chuma. Siku ya kwanza nikaweka ubao wa mbao ngumu, nikapiga. Gololi ya tatu ikarudi ikanipita sikioni. Ilipita sentimita chache tu. Nilikaa chini sakafuni muda mrefu. Gololi ya chuma haibonyei, ikikutana na kitu kigumu inarudi ilikotoka, na jicho halina spea. Kwa hiyo nawaambia kwa moyo wote: kwa mazoezi ya ndani ya nyumba, gololi za chuma hapana. Na hata peleti, vile virisasi vidogo laini vya bastola ya upepo, usipige bila miwani ya kinga. Anayesimama nyuma yako naye avae.

Halafu gesi ina hesabu yake. Kopo la peleti 500 mimi nanunua kwa euro 9. Kimtungi kimoja kinanipa mipigo 50 hivi. Kwa hiyo peleti 500 zinakula vimtungi 10, na hivyo ni euro 8 nyingine. Yaani gharama ya kila mpigo imekaribia kuwa mara mbili. Na kuna jambo la joto: gesi hii nguvu yake inafuata hali ya hewa. Stoo ikiwa baridi, risasi inatoka taratibu. Ukipiga harakaharaka kimtungi kinapoa na shabaha inashuka chini kidogo kidogo. Unadhani mkono ndio umekosea, kumbe ni gesi. Mtu anayejifunza hatakiwi kuwa na mashaka hayo. Anatakiwa akikosa ajue amekosa yeye.

Za springi zipo, na dukani ni za bei ya chini. Unakunja mtutu, springi inajibana, basi. Hazitaki gesi. Ila springi ikiachiwa inaruka, bastola inatikisika mbele na nyuma kabla peleti haijatoka mtutuni. Inataka ushikaji wa namna moja kila mara, na huo ndio mgeni hana. Na usiipige tupu bila peleti, utaua sili yake, ule mpira wa ndani unaozuia hewa isivuje. Za kupampu mara nyingi pia zipo, kama Crosman 1377 ya Marekani, unapampu mara 3 mpaka 10 kwa mpigo mmoja. Ni imara, na ya bei ya chini. Lakini fanya hesabu: mashindano ni mipigo 60. Ukipampu mara tatu tatu, ni mara 180. Mkono unaotaka utulie ndio huohuo umeuchosha.

Kwa hiyo nilikofika mimi ni hapa. Hii.

Inaitwa Weihrauch HW 40, inatengenezwa Mellrichstadt, mji mdogo wa jimbo la Bavaria. Ni ya pampu moja. Mnaona, naivuta nyundo hii, sehemu ya juu inafunguka kama mdomo wa mamba, naivuta mpaka mbele, naweka peleti, halafu nairudisha mpaka inajifunga. Kule kufunga ndiko kunakobana hewa. Pale mwisho ni pagumu, kiganja kinauma siku za mwanzo, na chunga vidole. Lakini hewa inayobanwa leo ndiyo itakayobanwa kesho, baridi liwepo lisiwepo, mpigo wa kwanza na wa sitini ni sawasawa. Haitikisiki. Haidai gesi. Na mwili wake ni wa plastiki ngumu, jumla gramu kama 775. Risasi yake inakwenda mita 120 na kitu kwa sekunde, na hapa ndipo vijana wananikatalia, "Mjomba, hiyo ni dhaifu!" Ndiyo, ni dhaifu ukilinganisha na nyingine. Karatasi haihitaji kuuawa. Karatasi inahitaji tundu moja, pale ulipotaka.

Hii niliinunua ya mkononi, kwa euro 110, karibu laki tatu za nyumbani. Bastola za mashindano makubwa zinazidi euro 1,000. Marekani kuna Beeman P17, umbo lake limefuata hii hii, inatengenezwa China na bei yake ni ndogo kuliko hii. Kama upo huko, anza nayo. Ukinunua ya mkononi, jambo la kukagua ni sili: funga hewa bila haraka, sikiliza. Ukisikia ssss, pesa yako irudi mfukoni.

Peleti chukua za milimita 4.5 zenye kichwa bapa. Zile zenye ncha waachie wenyewe. Kichwa bapa kinakata karatasi tundu la mviringo safi, unahesabu alama bila ubishi. Zimetengenezwa kwa madini ya risasi, kwa hiyo ukimaliza unanawa kwa sabuni kabla hujashika chakula wala mtoto. Na vumbi la hapa chini nalifuta kwa kitambaa kibichi, sifagii.

Kizuizi cha kunasia peleti nimetengeneza mwenyewe. Kasha la mbao, nyuma bati nene la chuma, ndani nimeshindilia jinzi kuukuu mpaka ngumi haiingii. Peleti zinazama humo. Hakuna mlango upande ule, hilo ndilo la kwanza kuangalia kabla ya yote, kwamba hakuna mtu anayeweza kutokea kati yako na shabaha.

Sasa utamu wenyewe. Karatasi hii ni ya mashindano, sentimita 17 kwa 17. Duara la alama 10 lina milimita 11.5 tu, upana wa kitufe cha shati. Weusi wote ni milimita 59.5. Juu ya bastola kuna vilengeo viwili, vile vya kulengea kwa jicho; kutoka cha nyuma mpaka cha mbele kwenye yangu ni kama sentimita 20. Ukikosea milimita 1 hapa, kwenye vilengeo, kule mita 10 umekosea karibu sentimita 5. Umeshatoka nje ya weusi wote! Lakini mkono wako wote ukiyumba kidogo huku vilengeo vimenyooka, unapata saba, unapata nane. Nilipoelewa hesabu hiyo, upigaji wangu ulibadilika. Jicho halikai kwenye shabaha, linakaa kwenye kilengeo cha mbele. Shabaha iache iwe ukungu.

Na hili nililijua zamani bila kulijua. Marehemu mjomba wangu alikuwa na mikorosho Naliendele, na msimu wa embe alikuwa akitupa manati. Alikuwa akisema, usiangalie embe, angalia panda. Tukimbishia. Embe haikudondoka mpaka tuliponyamaza na kupumua nusu, tukashika. Miaka thelathini, nimekuja kuyakuta maneno yake ndani ya stoo ya Ujerumani. Mungu amrehemu.

Kidole nacho. Kifyatulio hakivutwi, kinabanwa taratibu mpaka mlio ukushtue wewe mwenyewe. Na ukishapiga usishushe mkono. Peleti ya bastola hii haina mbio, inachukua muda wake mtutuni, ukishusha unaipoteza. Hesabu moja, mbili, ndipo ushushe.

Haya. La kuletewa.

Mpwa wangu, sitaileta. Nilimwambia bibi yako kwenye simu kwamba nimejifunza kulenga bastola ya Kijerumani, akanyamaza. Sijawahi kumsikia akinyamaza vile. Halafu akasema, "Baba, huku kwetu hayo tunayajua." Sisi tumekua tukipita chini ya Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Kusini yote ina makaburi ya Majimaji, 1905 hadi 1907. Na si ya zamani tu. Oktoba 2020 wavamizi walivuka kutoka Msumbiji wakashambulia Kitaya, hapo hapo mkoani kwetu. Askari anayelinda barabara ya Ruvuma akiona kijana ana kitu cheusi chenye mtutu, hana muda wa kuuliza kama ni cha upepo. Wala simlaumu.

Na silaha nyumbani zina sheria yake ya mwaka 2015, na mlango wake ni polisi. Anayetaka chombo hiki Tanzania, aanzie kituoni akaulize, kabla hajatuma hela kwa mtu na kabla mtu hajakitia kwenye begi la ndege. Hata rafiki yako akikuambia kinapita tu kama toi, usikubali.

Lakini siwezi kukuacha mikono mitupu, maana nimeona macho yako kwenye zile video. Kwa hiyo wiki ijayo kuna mtu anakuja Mtwara, nimempa bahasha. Ndani kuna karatasi 50 kama hii. Bandika moja ukutani, usawa wa mita 1.4 kutoka sakafuni hadi katikati, kama wanavyoweka mashindanoni. Pima mita 10, uani hapo kwa shangazi yako panatosha. Chukua chupa ya maji ya lita moja, ijaze, ni kilo moja, nzito kuliko hii yangu. Gundisha juu yake njiti mbili za kiberiti, moja nyuma, moja mbele. Simama ubavu, miguu upana wa mabega, mkono mwingine mfukoni kama yule Mturuki. Inua. Njiti ya mbele katikati ya weusi, jicho kwenye njiti. Sekunde kumi, shusha, pumzika dakika moja. Mara 20 asubuhi, mara 20 jioni.

Siku tatu za mwanzo bega litawaka. Siku ya kumi na tano nitumie video, irekodiwe kutoka ubavuni, nione kiwiko.

Sasa ngojeni nivae miwani, nifunge mlango, nipige tano mbele yenu. Msiongee na mimi hapa katikati.

Nane.

Tisa.

Sita, hiyo nimeshusha mkono mapema, mmeiona?

Tisa.

Kumi. Sogeeni muione. Imegusa mstari, lakini ni kumi.