Barua Ina Mwenyewe

Wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Nimepewa dakika ishirini, na walionisikia mwaka jana naona wameshaanza kutabasamu. Ndiyo, ni lile lile. Barua za John Keats, yule mshairi wa Uingereza, ni barua. Siyo insha, siyo sura za kitabu cha nadharia. Kila moja ina mwenyewe aliyeandikiwa.

Maisha yake mnayajua, siyarudii. Twende moja kwa moja kwenye huo "uwezo hasi", maana ndio uliowaleta. Kila tasnifu ninayosahihisha inao, ukurasa wa tatu au wa nne, umewekwa pale kama hirizi: mshairi akae ndani ya mashaka na mafumbo bila kupapatika kutafuta hakika na sababu. Vizuri sana. Sasa mwulize mwandishi wa tasnifu: Keats alimwambia nani maneno hayo? Kimya.

Aliwaambia nduguze wawili, George na Tom, waliokuwa Devon, Tom akiwa mgonjwa wa kifua. Alikuwa anawapa habari za mjini tu. Alikwenda kuangalia mchezo wa vichekesho wa Krismasi, na katika kwenda na kurudi akazungumza na rafiki yake Dilke, mambo yakaunganika kichwani. Ndipo likatoka hilo neno, na katika barua zote tulizonazo halirudi tena. Mara moja! Ninyi mmelirudia mara ngapi?

Na karatasi yenyewe haipo. George alihamia Marekani mwaka 1818, akafia Louisville, Kentucky, mwaka 1841. Mjane wake, Georgiana, akaolewa na John Jeffrey. Huyu Jeffrey ndiye aliyekaa akanakili barua za shemeji wa mkewe, amsaidie Richard Monckton Milnes aliyekuwa akitayarisha kitabu cha maisha na barua za Keats kule Uingereza, kitabu kilichotoka mwaka 1848. Jeffrey hakuwa na subira. Baadhi ya barua halisi zimebaki, na ukizilaza kando ya nakala zake unamwona anaruka hapa, anafupisha pale. Juu ya barua yetu hii ameandika Desemba 1818.

Desemba 1818! George keshavuka bahari. Tom kafariki tarehe 1 ya mwezi huo huo, na aliyemuuguza ni Keats mwenyewe. Kwa hesabu ya Jeffrey, basi, Keats anampelekea marehemu habari za vichekesho. Wahariri wakairudisha barua mahali pake, Desemba 1817. Lakini mtu aliyekosea mwaka mzima, wewe unamshika neno kwa neno na kumjengea nadharia ghorofa tatu?

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Mzee anatubomolea." Sibomoi kitu. Wazo ni zuri na huenda maneno ni yale yale. Nachotaka ni usome na mistari iliyo juu yake na iliyo chini yake, ambako kuna chakula cha jioni, kuna waigizaji, kuna kaka anayewapasha nduguze habari.

Tena mnasahau posta. Enzi zile aliyelipa ni mpokeaji, na bei ilikwenda kwa idadi ya karatasi. Kwa hiyo mtu alijaza ukurasa, akaugeuza ubavu, akaandika tena juu ya mistari ile ile, ukurasa ukawa kama wavu wa dagaa. Keats alifanya hivyo. Anayebana karatasi namna ile hatoi mhadhara, ana mazungumzo ambayo hataki yaishe.

Machi 1819, katika barua ndefu ya kwenda Marekani, anawaeleza George na Georgiana alivyokaa: mgongo ameupa moto, mguu mmoja umepinda juu ya zulia, wa pili ameinua kisigino kidogo. Anasema angefurahi kujua Shakespeare naye alikaaje alipoanza kuandika "kuwa au kutokuwa". Kisigino! Hicho hakuna tasnifu inayokinukuu.

Na sisi tunacho chetu. Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, miaka na miaka, na barua zikatolewa kitabu mwaka 2002. Wangapi humu mmezisoma? Mikono... Haya, shusheni, naona aibu mimi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Fanny Brawne, mchumba wa Keats, nilimtengea robo ya mhadhara, sasa ni sentensi mbili: barua alizoandikiwa zilichapishwa mwaka 1878, watu wakamcheka Keats kwa kupenda kupita kiasi. Za Fanny mwenyewe kwa Keats hatunazo, na nyingine zilizikwa pamoja na Keats kule Roma mwaka 1821 hata hazijafunguliwa. Ile barua ya mwisho ya Keats kwa rafiki yake Brown siisomi, mwaka jana sauti ilinikatika mbele yenu. Maswali. Wewe wa nyuma, ndiyo, karibu, lakini kama ni uwezo hasi, kaa.