Hewa Iliyomo Ndani ya Mfuko wa Kulalia

Karibuni, na mlioko nyuma sogeeni mbele kidogo, maana leo sikuja na maneno matupu.

Mezani hapa kuna mifuko miwili ya kulalia. Ni pacha. Niliinunua siku moja, rangi moja, na yote imejazwa nyuzi za poliesta za uzito uleule. Naikung'uta, naitandaza, tuipe dakika moja ipumue. Sasa tazameni. Huu wa kushoto nikiubonyeza, kidole changu cha shahada kinazama chote ndipo kinagusa meza. Huu wa kulia kinazama hadi kiungo cha kwanza tu, basi.

Naona mmeshakata shauri kwamba wa kulia ndio uliolaliwa sana. La hasha. Uliokula safari ni wa kushoto. Wa kulia niliushindilia kwenye kile kifuko chake kidogo, nikautupia kwenye buti la gari, nikausahau misimu miwili. Kazi haikuuchosha, umezeekea likizoni.

Kwa nini? Poliesta haina joto lake yenyewe. Kazi yake ni kuishika hewa isitembee, na hewa iliyotulia ndiyo inayouzuia mwili usipoteze joto. Kwa hiyo mtu akikuuzia mfuko wa kulalia, amekuuzia hewa na kitu cha kuishikia. Kila uzi mle ndani umefinyangwa kiwandani uwe na mikunjomikunjo kama springi. Ukiubana usiku mmoja wa safari kisha ukauachia, springi inainuka. Ukiubana miezi, inazoea kulala, na iliyozoea kulala haiamki.

Joto linazidisha balaa. Poliesta hii ya kujazia ni ndugu wa chupa za plastiki za maji; walioipatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ni Waingereza wawili, Whinfield na Dickson, mwaka 1941. Haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 250 za Selsiasi, lakini inapokaribia nyuzi 70 tu huanza kulegea. (Kiswahili chetu kimeita nyuzi vya kupimia joto na vya kushonea; leo vimekutana.) Ile mikunjo iliwekwa kiwandani kwa joto. Sasa buti la gari lililoachwa juani, na mfuko umebanwa ndani, linafanya kazi ileile ya kiwanda, ila linaupa uzi umbo la kulala chapati. Polepole, lakini linafanya.

Hapa ndipo ninapogombana na mazoea ya watu. Tumefundishana kwamba mifuko ya manyoya ya bata ndiyo yenye kudeka, na hii ya poliesta ni ngangari, itupe popote. Kwenye maji, sawa: poliesta hainywi hata asilimia moja ya uzito wake, ikilowa inakauka upesi, na hata ikiwa na unyevu inakupa joto kiasi. Ila kwenye kubanwa, mambo ni kinyume. Manyoya yaliyolala ukiyafua na kuyakausha vizuri mara nyingi huinuka tena. Nyuzi zilizolala hazirudi zilivyokuwa. Na ile namba ya baridi iliyoandikwa kwenye lebo, inayopimwa kwa mdoli wa maabara chini ya kiwango cha ISO 23537, ni namba ya mfuko mpya. Haikuhusu tena ukishaulaza.

Basi uweke wapi? Popote penye ukavu, kivuli na nafasi. Utundike kabatini, uutandaze chini ya kitanda, au uutie kwenye foronya kubwa ya godoro, ya pamba. Kile kifuko kidogo ni cha njiani. Ukifika kambini utoe mapema, kabla ya kupika, upate muda wa kuumuka. Ukirudi nyumbani, usiufungie bado una jasho la safari, maana koga haijali kwamba uzi ni wa plastiki. Inakula uchafu uliomo. Nondo nao poliesta safi hawana haja nayo. Panya ndiye wa kuogopa, kwake hicho ni kitanda cha uzazi kilichokwisha kutandikwa.

Mifarishi ya kambini, yaani yale mablanketi yaliyojazwa ya kujifunika badala ya kuingia mfukoni, ina mambo yake. Haina mgongo, na si ubahili wa mtengenezaji: kilicho chini yako unakiponda kwa uzito wako, hakikupi joto, linalokusaidia huko ni godoro. Maana yake unene wote uko juu, na ukikunja mfarishi kwenye mstari uleule kila mara, unachora ufa wa baridi katikati ya kifua chako. Badilisha mikunjo. Mipira ya kufungia godoroni nayo ilegezwe ikae.

Kufua: mara chache. Kola ndiyo inayochafuka, kwa mafuta ya uso na nywele, nayo unaweza kuisugua kwa sifongo na sabuni kidogo bila kulowesha mfuko mzima. Ukivaa shuka ya ndani utasahau kufua kwa muda mrefu. Siku ikifika, funga zipu, tumia maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. Kilainishi cha nguo usikiguse, kinazipaka nyuzi utando na kuua kinga ya maji ya kitambaa; dawa ya kung'arisha hali kadhalika. Mashine iwe ya mlango wa mbele. Ile yenye mhimili katikati inapindua na kukaba, itakuchania ndani.

Sasa angalieni mikono yangu. Mfuko uliolowa usiunyanyue kwa ncha moja. Maji yote yanakimbilia chini, uzito wake unazing'oa nyuzi kwenye mishono. Unapitisha mikono miwili chini yake, unaubeba kama mtoto aliyelala. Usiukamue kwa kuusokota. Ulalie kwa viganja, maji yatoke. Halafu kivulini, kwa sababu jua linaidhoofisha nailoni ya nje, au kwenye mashine ya kukaushia kwa joto la chini kabisa. Pasi, kamwe. Kabla hujasema umekauka, ingiza mkono mpaka miguuni. Huko ndiko unyevu hujificha.

Mama pale ameuliza kama huu wa kulia una tiba. Nimeufua, nimeukausha, umeinuka kidogo ukaishia hapo. Sasa nautumia miezi ya joto, au naurushia juu ya mwingine kukiwa na baridi.

Njooni mezani muiguse. Na kama yupo humu anayejua zipu, ya huu wa kushoto imeanza kunikataa.